Mzigo wa Mwisho wa Achiel

Barua ya rejesta ilikuja siku ya mvua. Mke wangu Gerarda ndiye aliyemsainia mtu wa posta, akaingia nayo jikoni ameishika kwa ncha za vidole.

"Umeachwa," akaniambia.

"Na nani tena?"

"Na biskuti."

Alikuwa ameshaifungua. Gerarda hajawahi kuheshimu bahasha ya mtu tangu tuoane. Nikavaa miwani nikasoma mwenyewe: mkataba wa usambazaji kati ya kiwanda cha biskuti cha Verhelle, Diksmuide, na Bwana Firmin Coudeville, unasitishwa kwa notisi. Bwana Firmin Coudeville ni mimi. Chini kulikuwa na saini ya Annelore Verhelle, mtoto wa marehemu rafiki yangu Achiel, binti ambaye alipokuwa mdogo alikuwa akipanda mbele kwenye kigari changu na kupiga honi kila tukipita ng'ombe.

Sikushangaa sana kuachwa. Kila mtu Diksmuide alijua kwamba kiwanda kinauzwa kwa kampuni kubwa ya kutoka mbali, na kampuni kubwa ina malori yake, haina haja na mzee wa goti bovu mwenye kigari kimoja. Annelore simlaumu. Hana mtoto, matanuri yale ni ya zamani kuliko yeye, na bei ya siagi imemtia mvi. Kilichoniuma ni kuachwa kwa posta. Mimi na baba yake hatukuwahi kuandikiana hata mstari mmoja.

Tulipatana mwaka wa sabini na tisa, sokoni, pale wanapouzia ng'ombe. Nilikuwa nimemsindikiza baba yangu kuuza mtamba, na Achiel, mwenye kiwanda, alikuja kula mkate wa soseji. Huku kwetu ng'ombe huuzwa kwa kiganja. Unataja bei na kumpiga mwenzako kiganja. Naye anakataa, anataja yake na kukupiga. Mnaendelea hivyo, pa, pa, pa, mpaka kiganja kimoja kinabaki ndani ya kingine, na hapo biashara imekwisha. Anayegeuka baada ya hapo, hata mbwa wake hasalimiwi. Achiel aliuangalia ule mchezo, akafuta haradali mdomoni, akanigeukia.

"Coudeville, wewe una gari?"

"Ninalo la kukopa."

"Chukua pwani yote. De Panne mpaka Ostend. Hakuna mwingine nitakayempa, na wewe huuzi biskuti ya mtu mwingine." Akanipiga kiganja.

"Na mashamba ya huku nyuma je?" Nikampiga.

"Na mashamba. Ila sharti moja. Mzigo wangu ukishaupokea, lazima ufike." Akanipiga, na mkono wake ukabaki ndani ya wangu.

Huo ndio ulikuwa mkataba. Miaka arobaini tuliishi nao na haukuwahi kutubana hata kidole.

Nawaambia ukweli, sikuwahi kuwa na furaha kama ile ya miezi ya vuli. Mtakatifu Nikolasi, anayewaletea watoto zawadi usiku, anafika Desemba mwanzoni na farasi wake mweupe juu ya mapaa, na kabla hajafika, kila duka la pwani lazima liwe na biskuti zake: Nikolasi wa unga na viungo, aliyetolewa kwenye kalibu ya mbao, kofia ndefu ya uaskofu kichwani na fimbo mkononi. Wengine walikuwa na urefu wa mtoto wa miaka mitatu. Achiel alikuwa akiwagonga mmoja mmoja kwa ukucha kabla sijawapakia. Aliyeokwa vizuri alilia kwa sauti kavu. Aliyelia mzito alirudishwa. Nami nilikuwa nawalaza kwenye nyasi kavu, na barabarani nilikuwa nakwepa kila shimo, maana Nikolasi aliyekatika shingo hauziki. Anakuwa wa dereva. Nimekula maaskofu wengi sana maishani mwangu.

Na wale wenye maduka! Yule mjane wa Koksijde aliyetaka biskuti zilizokolea moto, karibu kuungua, kwa sababu marehemu mumewe alipenda hivyo. Yule bwana wa Nieuwpoort aliyekuwa akinilazimisha ninywe supu kabla hajatazama mzigo. Kigari kilinukia mdalasini mpaka mwezi wa Machi. Gerarda alikuwa akisema ananijua gizani kwa harufu, na kwamba kuna wanawake wanaoolewa na wavuvi, kwa hiyo yeye hana la kulalamika.

Nilipomaliza kuisoma ile barua nikampigia Lieselot, mtoto wa dada yangu, ambaye ni wakili hapo Veurne.

"Mjomba," akasema, "usisaini kitu chochote. Hata ukiletewa kadi ya kheri, usisaini."

"Sina ugomvi na mtu mimi."

"Najua. Watu wasio na ugomvi ndio wanaoibiwa."

Wiki chache baadaye tukaketi ofisini kwake, juu ya uwanja wa soko. Upande wa pili wa meza aliketi Annelore, na kando yake wakili wa wanunuzi, Bwana Van Renterghem, kijana mrefu mwenye suti nzuri na mafua. Yeye ndiye aliyeandika karatasi zote, kwa sababu wanunuzi walitaka kila kitu kisafishwe kabla hawajalipa. Katibu akaleta kahawa. Pembeni ya kila kikombe kulikuwa na kibiskuti cha mashine ndani ya plastiki, cha kampuni nyingine. Nikakisukuma pembeni kwa kidole. Nilipoinua macho nikamwona Annelore naye anakisukuma chake. Alikaribia kucheka, akajizuia.

Van Renterghem akaanza. "Kwanza, hakuna mkataba wowote ulioandikwa."

"Kuna kiganja," nikasema.

"Samahani?"

"Mjomba, niachie," Lieselot akasema. "Wakili mwenzangu, unaijua sheria ya nchi hii kuliko mimi, basi tusichoshane. Msambazaji wa pekee, mkataba usio na tarehe ya mwisho, haachwi kama koti la zamani. Anapewa muda wa kutosha, au analipwa. Iwe kwa maandishi, iwe kwa kiganja."

Van Renterghem akapiga chafya, akakubali. Hilo halikuwa na shida. Muda ulikuwa wa haki, fidia ilikuwa ya haki. Annelore mwenyewe alikuwa ameshasema apewe mjomba Firmin anachostahili na asibishiwe. Nikamtazama nikataka kumshukuru, lakini alikuwa akiangalia meza.

"Pili, siri za biashara," Van Renterghem akasema. "Orodha ya wateja."

"Wateja kawatafuta mwenyewe," Lieselot akasema.

"Wape," nikasema mimi. "Nusu yao wako makaburini Koksijde, mstari wa pili na wa tatu. Wakawasalimie."

Hapo Annelore alicheka kweli, na mimi nikafurahi, maana kicheko kile kilikuwa cha baba yake kabisa. Ningependa mkutano uishie hapo.

Van Renterghem akanisogezea karatasi ya mwisho. "Hii ni ya kawaida. Unatamka kwamba hujui, wala hujawahi kuambiwa na mtu yeyote, mchanganyiko wa viungo wa Verhelle. Saini hapa chini."

Nikachukua kalamu. Nikaisoma mara ya pili. Nikaiweka kalamu.

"Hii siwezi."

"Kuna neno linalokusumbua?"

"Maneno ni mazuri. Ila naujua huo mchanganyiko."

Lieselot akanikanyaga chini ya meza kwa kisigino. Van Renterghem alisahau mafua yake. Lakini mimi nilikuwa namwangalia Annelore, na uso wake ulikuwa umeishiwa rangi.

"Nani alikuambia?" akauliza.

"Baba yako."

Na ni kweli. Mwaka wa tisini na moja Achiel alipasuliwa moyo. Siku moja kabla ya kupasuliwa aliniita hospitalini, akamfukuza nesi, akaniambia nifunge mlango. Alikuwa amevaa lile gauni la hospitali linalofungwa mgongoni, miguu nje, na bado alikuwa na sauti ya bosi. Akanitajia viungo kimoja kimoja, na kipimo cha kila kimoja kwa mkono: konzi, nusu konzi, kinachokaa kati ya vidole viwili. Akanifanya nirudie mpaka nikashika. Kisha akasema, "Ni wa Annelore. Akikuuliza, mpe. Asipouliza, nyamaza." Akanyosha kiganja, nikakipiga taratibu, nikiogopa mirija. Achiel hakufa. Aliishi miaka mingine zaidi ya ishirini na hakuligusia tena jambo lile, nami sikuligusia. Sikumwambia hata Gerarda. Sikuuoka hata siku moja, kwa sababu haukuwa wangu. Nilikuwa nimebeba kile kitu kama nilivyobeba kila mzigo wa Achiel. Wanasema siri ya mtungi aijuaye kata, na nilijivunia sana kuwa kata.

"Alikuambia wewe," Annelore akasema polepole. "Mimi niliupata kwenye sefu ya benki, mwezi mmoja baada ya mazishi, karani amesimama nyuma yangu anaangalia saa. Nikadhani ndivyo alivyokuwa, hasemi kwa mdomo. Kumbe anasema. Ila si kwangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Ile sauti haikuwa ya hasira, na ingekuwa heri ingekuwa ya hasira. Miaka yote nilidhani namtunzia mtoto mali yake, na sasa nilikuwa nimemwonyesha kwamba baba yake alimwamini mchuuzi kuliko yeye.

Van Renterghem alikuwa ameshaanza kuandika. "Wateja wangu wananunua siri inayojulikana na mtu mmoja. Wakiwa wawili, hawanunui. Lakini kuna njia." Akasoma alichoandika: kila mchanganyiko, kipimo au njia ya kuoka ambayo Bwana Coudeville aliambiwa na marehemu Achiel Verhelle ni mali ya kampuni, na itahamia kwa mnunuzi pamoja na kiwanda. Bwana Coudeville ataitaja leo, itaandikwa, na kuanzia leo hataitumia wala kuitamka tena mbele ya mtu yeyote. "Atutajie sasa, tumalize."

"Akutajie nani?" Lieselot akaruka. "Wewe bado si mwenye kiwanda. Ukiisikia leo na kesho biashara ikavunjika, utaitapika? Siri husikilizwa na mwenye siri. Waende wao wawili. Annelore akithibitisha ni yenyewe, ndipo tuongee."

Tukapelekwa kwenye chumba kidogo cha kupikia kahawa, hakina hata kiti. Annelore akafunga mlango akaegemea friji, mikono kifuani.

"Haya mjomba. Sema."

"Uniulize kwanza."

"Nikuulize nini?"

"Baba yako alisema nikupe ukiuliza. Hujauliza."

"Mjomba Firmin, nina mawakili mlangoni!"

"Basi uliza haraka. Kuuliza si ujinga."

Akafumba macho. Nilimwona akihesabu hasira zake moja moja. Kisha akaniuliza, na swali halikutoka kwa ukali tena. "Mjomba, baba alikuwa anachanganyaje?"

Nikamwambia. Nilimwonyesha kwa mikono, konzi kwa konzi, kama nilivyoonyeshwa. Hapa sitawatajia vyote, mtanisamehe, nina mpwa wakili. Mdalasini, akaitikia kwa kichwa, ndiyo. Karafuu, ndiyo. Kungumanga, iliki, ndiyo. Nilipofika tangawizi akakunja uso kidogo, nikadhani nimezidisha konzi.

"Na pilipili manga nyeupe?"

"Hiyo haimo."

"Haimo?"

"Hakuitaja. Halafu mwisho, maganda ya chenza. Yanakaushwa juu ya jiko, si ndani, juu, mpaka yanajikunja kingo. Yanasagwa na..."

Nikanyamaza kwa sababu alikuwa ameacha kuegemea friji.

"Maganda ya nini?"

"Ya chenza."

"Kiwandani kwetu halijawahi kuingia ganda la chenza," Annelore akasema. "Hata moja. Pilipili manga ipo, tena nyingi. Huo si mchanganyiko wa Verhelle, mjomba."

Mtu anaweza kuzeeka kwa sekunde moja, mimi nimeshuhudia. Karibu miaka thelathini! Nimekaa kimya kwenye harusi na misiba, nimemnyima mke wangu neno, nimejiona mtu wa maana kila nikipita mbele ya kiwanda kile, na kumbe nilichobeba ni sanduku tupu. Nilimkasirikia Achiel, aliyekuwa kaburini mwake, nikamkasirikia sana.

"Basi alinidanganya," nikasema. "Alinijaribu. Aliona Coudeville ana mdomo, akanipa uongo asikie utatokea wapi."

Annelore hakunisikia. Alikuwa ameshuka mpaka sakafuni, ameketi chini na suti yake ya mkutano, mgongo kwenye friji, na machozi yalikuwa yakimtoka bila kelele.

"Ni wa nyumbani," akasema. "Mjomba, huo ni wa nyumbani."

Akanieleza akiwa pale pale chini. Usiku wa kuamkia siku ya Mtakatifu Nikolasi, Achiel hakuwa akioka kiwandani. Alikuwa akirudi nyumbani, anafunga aproni ya marehemu mkewe, na kuoka biskuti za watu wawili tu. Annelore anaweka kiatu chake karibu na jiko, na karoti ndani yake ya farasi wa mtakatifu, ili asubuhi akute zawadi. Wiki nzima kabla ya hapo, kila chenza iliyoliwa nyumbani, baba yake alikuwa akiyachukua maganda na kuyapanga juu ya jiko, naye alidhani ni ya kuleta harufu nzuri tu. Alipokwenda kusoma chuoni Ghent, baba akaacha kuoka. Baba alipofariki, Annelore alichukua mchanganyiko wa kiwandani, akaoka nyumbani, haikuwa ile ladha. Akabadilisha siagi. Akabadilisha tanuri. Kila Desemba alijaribu tena.

"Mwisho nikajiambia kwamba ladha yenyewe haikuwahi kuwepo," akasema. "Kwamba ni utoto tu. Nikaacha."

Ndipo na mimi nikaelewa, nikakaa chini kando yake, ingawa nilijua kuinuka itakuwa kazi. Wa kiwandani ulikuwa salama, ulikuwa na sefu, karani na karatasi. Huu mwingine haukuwa na mahali popote isipokuwa mikononi mwa Achiel, na Achiel kesho yake alikuwa anapasuliwa. Akatafuta mtu wa kufikisha.

"Mbona aliweka sharti hilo la kuuliza?" Annelore akaniuliza.

"Unamjua baba yako. Hakuwa mtu wa kumpa mtu chakula ambacho hajakiomba."

Akacheka na kulia pamoja, akafuta pua kwa kitambaa cha kukaushia vikombe cha Lieselot. Halafu nikaona uso wake unabadilika.

"Ile sentensi," akasema. "Kila mchanganyiko aliokuambia baba. Kila mmoja."

"Ndiyo."

"Nikikubali ile sentensi, huu unakwenda nao. Na wewe hutaweza kunitamkia tena." Akasimama, akanipa mkono, akaniinua. "Twende."

Van Renterghem alikuwa anamaliza kibiskuti cha pili. "Umethibitisha?"

"Nimethibitisha," Annelore akasema bila kukaa. "Bwana Coudeville haijui siri ya kiwanda. Hajawahi kuijua. Nitasaini mimi mwenyewe kwamba nimemsikiliza na haijui."

"Lakini mwenyewe ametamka mbele yetu..."

"Anajua mambo ya nyumbani kwetu. Hayamo kwenye mauzo." Akachukua kalamu niliyoiacha, akaipitisha juu ya ile sentensi kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudia, mpaka karatasi ikatoboka. "Ukiirudisha hii, unanunua na jiko la baba yangu. Kiwanda nauza. Jiko siuzi."

"Wateja wangu wanaweza kujitoa, bibie. Niseme wazi."

"Basi wajitoe."

Alisema hivyo, naye alijua anachohatarisha. Fedha za kiwanda kile zilikuwa akiba ya uzee wake, na wafanyakazi wake walikuwa wameahidiwa kazi na wanunuzi. Van Renterghem akatoka kwenda kuwapigia simu mabosi wake, na tukamsikia koridoni akipiga chafya na kueleza, kueleza na kupiga chafya. Lieselot alinisogezea sahani ya vibiskuti, kwa uchokozi tu. Nikamtolea macho.

Van Renterghem aliporudi akavaa koti. "Wanasema hawakuja kununua jiko. Kiwanda bado wanakitaka," akatuambia. Akampa Annelore karatasi ya kusaini kwamba siri ya kiwanda ni yake peke yake, Annelore akasaini, nami nikasaini yangu, ambayo sasa ilikuwa kweli: kwamba siujui mchanganyiko wa Verhelle. Ajabu ni kwamba ilinichoma kidogo kuisaini.

Chini, uwanjani, mvua ilikuwa imekatika. Annelore akanisimamisha karibu na kigari changu.

"Nisamehe ile barua, mjomba. Walisema lazima iwe ya rejesta." Akanyosha kiganja. "Baba alikuwa akisema kiganja kilichofunga ndicho kinachofungua. Tumalize na sisi."

Nilitaka kumpiga kiganja. Nilitaka kwenda nyumbani nikalale. Lakini mkono wangu haukuinuka.

"Bado," nikamwambia. "Kuna mzigo mmoja wa baba yako sijaufikisha."

"Si umeniambia pale juu?"

"Nimekuambia. Kuambia si kufikisha. Jumamosi njoo nyumbani. Lete machenza."

Kwa hiyo Jumamosi akaja, mwanzoni mwa Desemba, na mfuko uliojaa. Gerarda alikuwa ameshaelezwa yote, na alikuwa bado hajapoa.

"Miaka yote hiyo nimelala na mtu mwenye siri," akamwambia Annelore kabla hata hajavua koti. "Wenzangu waume zao wana siri za maana. Huyu wangu anaficha biskuti!"

"Tena si yake, mama," Annelore akasema.

"Tena si yake!"

Tukala machenza wote watatu na kupanga maganda juu ya jiko. Yalipoanza kujikunja kingo harufu ikapanda, kali na tamu, na Annelore aliyekuwa akipepeta unga akaacha kupepeta. Nikaona shingo yake tu, imeinama, na nikaona mtoto aliyekuwa akipiga honi kwa ng'ombe. Gerarda, ambaye mdomo wake haulali, alimpisha njia akaenda kuosha bakuli lililokuwa safi.

Nikamwachia achanganye mwenyewe. Alikuwa akiniuliza nami nilikuwa nikijibu kwa mikono, konzi, nusu konzi, vidole viwili. Kalibu hatukuwa nayo. Alikata Nikolasi kwa kisu, askofu akatoka na kofia iliyopinda. Tulipomtoa ndani ya tanuri nikamgonga kwa ukucha. Alilia sauti kavu.

Annelore akavunja kipande cha kofia, akakipuliza, akala. Akatafuna muda mrefu sana. Mimi nilikuwa nimeshika meza. Wala sikuwahi kuogopa hivyo mbele ya mteja yeyote.

"Imeungua kidogo pembeni," akasema.

"Ni lile tanuri, lina..."

"Yake nayo ilikuwa ikiungua pembeni." Akavunja kipande kingine. "Kila mwaka, mjomba. Ni yenyewe."

Kisha akageuka na kunyosha kiganja, chenye unga mpaka kwenye kifundo. Nikakipiga kwa nguvu, pa, kama sokoni, unga ukaruka, na mkono wake ukabaki ndani ya wangu. Mkataba wangu na Achiel Verhelle uliisha hapo, jikoni kwangu, mchana. Nililia waziwazi, mtu mzima na ndevu zangu, na Annelore hakuuachia mkono.

Gerarda akafunga bomba.

"Haya, sasa umeachwa rasmi," akasema. "Lete sahani."